Prufu Isiyo na Herufi Zangu

Alhamisi, 3 Aprili

Idi imepita, mvua imeanza, na mimi nimepata kitabu cha kuandikia bila kutoa hata ndururu. Jalada lake lina herufi za dhahabu: MY DAIRY. Kwa mujibu wa jalada, basi, ninayoyaandika hapa ni maziwa. Stoo kuna vingine mia tatu kama hiki. Sacco moja iliagiza diary, yaani shajara, za kugawa mkutanoni, mwenyekiti wao akaleta karatasi iliyoandikwa dairy, akatia sahihi yake akaenda zake. Alipokuja kuchukua mzigo, dereva wake ndiye aliyeangua kicheko. Mzigo haujaondoka mpaka leo.

Kazi hiyo haikupita mezani pangu. Naiandika kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mimi ni Mabruka Idarus, msomaji wa prufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya Biashara Street. Nina miaka thelathini na minne kwenye kiti kimoja. Prufu ni ile karatasi ya kwanza ya majaribio, kabla mashine haijachapa mia au elfu. Mzee aliyeanzisha kiwanda, babake Navnit mwenye kiwanda wa sasa, alipigilia msumari ukutani karibu na mashine akatoa amri: prufu isiyo na herufi za Mabruka haitundikwi, na isiyotundikwa haichapwi. Nasoma, naandika M.I. pembeni kwa kalamu nyekundu, mteja anatia sahihi, Obuya fundi wa mashine anaendelea. Baada ya sahihi ya mteja, kosa lolote ni lake. Hiyo ndiyo sheria yetu, na kwangu mimi ilikuwa haina kazi, maana makosa hayakuwa yakinipita.

Jumatatu, 7 Aprili

Navnit magoti yamemshinda, sasa yuko nyumbani Kileleshwa. Kiwanda kimeshikwa na binti yake, Riddhi, ambaye nilimjua akiwa anachora wanyama nyuma ya karatasi zetu zilizoharibika. Leo ameniita.

"Auntie, usichukie. Kazi ndogo ndogo, zile chini ya mia tano, zitakuwa zinaenda direct. Computer ina-check spelling. Wateja wanalia tunawachelewesha."

"Na kubwa?"

"Kubwa zinapita kwako. Halafu end of May tuangalie. Kama hakuna difference..." Hakumaliza.

Nikammalizia mwenyewe. "Kama hakuna tofauti, meza yangu inaondoka."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, mwanangu. Umeacha maneno tu."

Mwisho wa Mei, basi. Nimepewa msimu mmoja wa mvua kuonyesha kwamba nahitajika mahali nilipofika kabla yeye hajazaliwa. Nimeudhika, sifichi. Lakini pia nimefunga leso kiunoni.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kazi mbili. Zote safi.

Jumanne, 15 Aprili

Obuya amenitania leo. "Mathe, hiyo computer inajua Kiingereza yote. Wewe utaishinda na nini?"

Nikamfungulia daftari langu la mapacha. Hili silionyeshi kila mtu. Ndani yake nimeandika maneno ya Kiingereza yanayofanana sura na yasiyojuana kabisa, jozi baada ya jozi, tangu mwaka nilioajiriwa. Kompyuta inauliza tu kama neno lipo. Haiulizi kama limeingia nyumba ya jirani.

Nikamfafanulia. Stationery ni kalamu na bahasha zetu; stationary ni magari yaliyokwama Waiyaki Way saa kumi na moja jioni. Principal, mkuu wa shule, ana ofisi na katibu, principle ni msimamo wa mtu. Katika jiji hili wengi wanayo ya kwanza na ya pili hawajawahi kukutana nayo. Loose ni suruali isiyo na mshipi, lose ni kuipoteza heshima yako ukiivaa. Quiet ni kimya, quite ni kiasi, na mbunge mmoja aliwahi kuomba mabango mia moja ya kuomba dakika moja ya "kiasi" kwa ajili ya marehemu. Nililikamata kwenye prufu, kabla hata bango moja halijachapwa.

Obuya alicheka mpaka akazima mashine. Nilikaa vizuri kwenye kiti changu siku nzima.

Alhamisi, 24 Aprili

Vyeti mia sita vya shule moja ya kibinafsi, na chini yake, mahali pa sahihi: School Principle. Nimeweka mduara mwekundu nikapeleka mwenyewe, polepole, katikati ya ofisi.

Riddhi akaangalia. "Wow. Asante, Auntie." Akarudi kwenye simu yake.

Wow peke yake. Mimi ningekuwa babu yake ningeita chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwavuli wa mume wangu Abdulrauf umepinduka, na Maalim mwenyewe kaingia nyumbani analaumu upepo wa Waithaka kana kwamba mimi ndiye niliyeununua.

Jumamosi, 3 Mei

Meza yangu imehamishwa. Mbunifu mpya wa kadi anahitaji mwanga wa dirisha, kwa hiyo mimi nimewekwa mlangoni pa stoo, pamoja na maziwa mia tatu. Nilibeba kalamu zangu nikahama. Meza ni mbao.

Lakini saa nne akaja mteja wa zamani, akaniulizia, na Riddhi akamjibu kwa sauti, mimi nikisikia: "Auntie yuko huko nyuma, ana-retire hivi karibuni."

Nani kamwambia nastaafu? Nimeshika kalamu ile kwa homa, kwa mfungo, siku ya tatu baada ya kumzika mamangu, na mtoto huyu ananizika mbele ya wateja. Nimeapa leo: kazi isiyo na herufi zangu siitazami, siigusi, siisemei. Wanataka kompyuta, wapate kompyuta.

Jumatano, 7 Mei

Saa tano amekuja mtu anaitwa Nzomo, muuza viazi wa soko la Kangemi, maji yanamtiririka begani. Babake amefariki. Alitaka programu ya mazishi, kile kitabu kidogo cha wasifu na ratiba, nakala mia mbili, ibada ni Ijumaa katika kanisa la kwao Kangemi kabla ya safari ya Makueni. Riddhi alimkalisha, akampa chai, akaiandika programu mwenyewe kutoka kwenye karatasi zake zilizolowa. Alimtendea vizuri; haki yake nampa. Prufu ilipotoka Nzomo aliitazama picha ya babake muda mrefu. Maandishi hakuyatazama. Akatia sahihi.

Nilikuwa nakwenda kutia udhu nikapita penye msumari. Miaka thelathini na minne macho yangu hayajajifunza kupita karatasi bila kusoma. The diseased was born in Makueni. Chini yake, the diseased joined the choir. Ukurasa wa mwisho, tena.

Deceased ni marehemu. Diseased ni mwenye maradhi. Ni mapacha wa ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Nilisimama pale. Pembeni mwa karatasi hapakuwa na M.I. Nilimwona Riddhi kupitia kioo, anacheka na simu. Nikasema moyoni, sasa utajua kazi ya nani ilikuwa nini. Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi mashine ilikuwa inachapa.

Alhamisi, 8 Mei

Nzomo amekuja kuchukua vitabu vyake. Riddhi alikuwa benki. Obuya akawa anamfungia boksi, na Nzomo, kama wafiwa wote, akawa anaongea tu.

"Unajua mzee alikohoa mwaka mzima," alisema. "Ilikuwa moyo, daktari aliandika. Lakini majirani walisema yao. Walikataa hata kumsalimia na mkono. Kwaya ikamwambia apumzike. Sasa kesho nataka wote wakuje, wasomewe hiyo kitabu, wajue alikuwa nani."

Obuya akamwambia pole. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeinamia vocha za hospitali. Nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na nafasi. Akabeba boksi lake kifuani, akalifunika kwa koti, akaondoka.

Sijala. Baada ya magharibi Abdulrauf aliweka kando kitabu chake. "Umekosana na nani?"

Nikamweleza yote, na mwishoni nikaweka utetezi wangu: "Kazi haikuwa na herufi zangu."

"Na macho yaliyoisoma yalikuwa ya nani?"

Huyu mtu hupiga watoto wa madrasa kwa maswali, hana haja ya fimbo. Nimempigia Nzomo mara tano, simu imezimwa.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika yote, hata yanayonidhili.

Nilipotoka kuswali alfajiri nilimpigia Riddhi. Nikamwambia kitabu cha Nzomo kina kosa baya, neno moja mara tatu, na ibada ni saa nne. Hakuuliza mengi. Alisema, "Nakuja." Nikampigia Obuya, mwenye funguo.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa mlangoni, na hakukuwa na stima. Mvua ilikuwa imekata laini mtaa mzima. Mashine kubwa imelala, kompyuta imelala. Riddhi akakaa kwenye ngazi akashika kichwa. "Basi hakuna kitu tutafanya."

Pale ndipo nilipovua koti la mvua nikasema, "Obuya, fungua mashine ya mguu."

Ni ile ya chuma ya kona, tunayoitumia kupiga namba kwenye tiketi. Haitaki umeme; inataka mguu. Na herufi za risasi, yale madini mazito, bado zimo kwenye droo zake, vumbi tele. Mzee alinifundisha kuzipanga mwaka wangu wa kwanza, kichwa chini, kushoto kwenda kulia. Nilipanga neno lile mara kumi, deceased juu ya deceased, kwa tochi ya simu aliyonishikia Riddhi. Vidole vilikumbuka kabla yangu. Obuya akakanyaga, mimi nikalisha karatasi zenye gundi. Mara sitini na ushei, vipande mia sita na ushei. Riddhi akawa anakata kwa kisu, ulimi nje, kama alipokuwa mdogo.

Wakati ule, najua sikustahili, nilijisikia mkubwa. Naiandika kwa sababu ni kweli.

Saa mbili na nusu tulikuwa Kangemi, ukumbi wa kanisa, gari la Riddhi limejaa matope mpaka madirishani. Nzomo alikuwa anapanga viti. Riddhi alimweleza kosa kwa maneno machache. Nzomo akafungua kitabu, akasoma kwa kidole, akafika pale. Aliketi.

"Hii ndiyo walikuwa wanasema," alisema. "Hii hii. Na mimi nimewaandikia."

"Hapana," nikamwambia. "Tumeandika sisi."

Tukakaa benchi moja, watu wanne, tukaanza kubandika. Kipande juu ya neno, bonyeza kwa kidole gumba, kitabu kingine. Tulikuwa tumefika kama arobaini, Riddhi akageuka. Nilimwona akihesabu siku kichwani.

"Auntie. Ulijuaje? Hii job haikufika kwako."

Ningeweza kusema nimeota. Ningeweza kusema Obuya ameniambia. Nikaweka kitabu chini.

"Niliiona Jumatano, msumarini, kabla haijachapwa. Nikaiacha."

"Ukaiacha?"

"Nilitaka uaibike."

Obuya aliacha kubandika. Riddhi alinitazama mpaka nikainamisha macho, mimi, ambaye sijawahi kuinamisha macho mbele yake wala mbele ya babake. Kisha nikamgeukia Nzomo, maana deni la maneno lilikuwa lake kwanza.

"Mama," akasema, taratibu, "ungewacha tusomewe hivyo? Mbele ya hao watu?"

"Nilikuwa nimewaacha. Jana ulipobeba boksi nilikuwa pale. Nisamehe."

Mvua kwenye mabati ilikuwa nyingi kiasi kwamba nilidhani amesema kitu sikukisikia. Kisha akasogeza rundo la vitabu upande wangu.

"Bandika, mama. Watu wanakuja."

Tulimaliza saa nne kasoro dakika tano. Nilibaki ibadani, nimesimama nyuma na buibui langu, watu wananitazama. Walikuja wengi, hata kwaya. Binamu mmoja alisoma wasifu kwa sauti nzuri, na kila alipofika kwenye karatasi zetu nilibana pumzi. Alisema deceased mara zote tatu. Nzomo hakuwa anamtazama msomaji. Alikuwa anawatazama majirani, mmoja mmoja, ameinua kidevu.

Jumatatu, 12 Mei

Riddhi hasemi nami. Kazi zinakuja mezani zimeshikiliwa na mkono wa Obuya.

Jumanne, 13 Mei

Vilevile.

Jumatano, 14 Mei

Navnit ameniita Kileleshwa. Ghorofa ya tatu, miguu ameiinua juu ya stuli, mkewe Ramila akaleta chai ya tangawizi kisha akatupisha. Hilo lilinitia hofu, maana Ramila hapitwi na habari.

"Riddhi ameniambia yote," alisema. "Mabruka, mimi na wewe tumekaa miaka mingi. Kama ingekuwa mzee wangu, angekufukuza siku ile ile."

"Najua."

"Na mimi pia."

Sikutarajia hilo. Nilidhani nimeitwa kubembelezwa. Nikashika kikombe.

"Lakini kiwanda si yangu tena," akasema. "Ni ya yeye. Mimi nimekuita nikwambie tu, nilikuwa najivuna na wewe. Kwa watu wote nilikuwa nasema, kwetu kuna mama mmoja, neno halimpiti. Hilo halikukupita. Wewe uliliruhusu. Hiyo ndiyo imeniuma."

Nililia kwenye lifti. Hakuna aliyeingia mpaka chini.

Alhamisi, 15 Mei

Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaisoma mara mbili, haikuwa na kosa. Nikampelekea Riddhi kabla hajaketi.

Akaisoma. Akaikunja. "Auntie, mimi sikusoma ile kitu kabisa. Niliandika, nika-print, nikaenda lunch. Wewe ulisoma ukanyamaza. Nimekaa siku sita sijui nani mbaya zaidi."

"Mimi."

"Labda. Lakini nilisema una-retire na hukuwa ume-retire. Hiyo nilikosa. Pole."

"Nami pole. Kwako, si kwa Nzomo tu."

"Sasa sikia. Hii barua sikubali. Wewe ukienda, mimi bado sijui kuona vile unaona. Utanifunza. Kila job, hata ya nakala kumi, tunasoma wawili, herufi mbili. Na ukiona kosa mahali popote humu ndani, hata kwa karatasi ya chooni, unasema. Hata kama tumegombana."

"Hata kama umenihamishia stoo?"

Alicheka kidogo, shingo upande. "Meza inarudi dirishani kesho. Lakini hiyo ya mwisho wa Mei iko palepale. Nataka kuona kama inafanya kazi."

Nikakubali. Sikuwa na haki ya kudai zaidi, na safari hii sikudai.

Jumanne, 20 Mei

Somo la kwanza: kusoma kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, ili maana isikubebe ukaruka. Riddhi analalamika anaumwa kichwa. Somo la pili: mmoja anasoma kwa sauti pamoja na koma na nukta, mwingine anafuata kwa kidole. Obuya anasema tunafanana na watu wanaosomeana talaka.

Ameniomba daftari la mapacha. Nimempa. Sikuwahi kumpa mtu yeyote aende nalo nyumbani.

Ijumaa, 23 Mei

Riddhi kalikamata peke yake advise, kushauri, lililokaa mahali pa advice, ushauri, akapiga meza kwa ngumi. Nilijifanya sioni. Ndani nilikuwa nacheka kwa raha.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imepungua. Kazi tano, herufi mbili kila moja.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho ya kazi ya Mei. Nilivaa viatu vizuri.

Kazi ya leo ilikuwa kadi mia nane za harusi ya kijana anaitwa Sachin, familia ya wateja wetu tangu zama za mzee; harusi ya babake tulichapa sisi, na ya babu yake. Kadi hizi nazijua kwa moyo. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, nikaona ni ileile ya siku zote, nikaweka M.I. kwa madaha, nikampelekea Riddhi aweke zake.

Akakaa nayo. Nikarudi mezani. Dakika kumi zikapita. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni kadi, si mkataba wa bandari."

Alikuwa anasoma kutoka chini, kidole kinapanda neno kwa neno. Kisha kidole kikasimama. Akafungua daftari langu, akatazama, akatazama kadi. Akaja mezani pangu, uso umembadilika, akaiweka mbele yangu.

The families request your presents.

Presence ni kuwapo kwa mtu. Presents ni zawadi. Kadi mia nane zilikuwa karibu kwenda Parklands yote kuomba zawadi hadharani, na prufu yake ina herufi zangu nyekundu.

Nilitafuta wa kulaumu: mwanga, miwani, mteja. Nikavua miwani nikaifuta, nikasoma tena, na bado lilikuwa pale. Miaka thelathini na minne. Nikakumbuka ni tarehe gani.

"Haya," nikamwambia. "Mwisho wa Mei. Sasa una sababu."

"Sababu ya nini?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji na anacheka. "Auntie, nimeliona! Wewe hukuliona na mimi nimeliona! Nataka kupigia Daddy."

"Mpigie."

Akampigia, anapiga kelele mbele ya wateja, nikasikia sauti ya Navnit kwenye simu ikiuliza mara mbili, Mabruka? Mabruka mwenyewe? Nikachukua kalamu, nikakata M.I. yangu kwa mstari mmoja, nikampa kalamu aandike R.N. zake juu. Aliandika kubwa kuliko inavyotakiwa. Sikumrekebisha. Kisha akaniambia Jumatatu nije mapema, kuna kitabu cha kurasa mia moja, na peke yake hakiwezi.

Nimefika nyumbani kabla ya magharibi. Abdulrauf alikuwa uani anatengeneza mwavuli wake. Nikamwambia hata kabla sijavua buibui.

"Leo Riddhi amenikamata. Na prufu ilikuwa na herufi zangu."

Akaweka mwavuli chini, akanitazama kwa huruma. "Pole, Mabruka."

"Pole ya nini, Maalim?" nikamwambia. "Mtoto nimemfundisha mimi. Nipe hongera."